Mwongozo kamili wa kutazama opera ya zamani iliyohamishiwa zama za leo: La traviata jijini Vienna

Jukwaa lilizunguka, na pale nilipokuwa nimemwandaa mgeni wangu kuona sebule ya kifahari ya Paris, kikatokea kibanda cha kebabu. Pembeni yake mapipa ya taka. Binti wa kaka yangu, aliyekuja kunitembelea Vienna akitokea Tanga, alinigusa kiwiko akaninong'oneza: "Shangazi, si uliniambia hii ni hadithi ya mwaka 1853?"

"Ndiyo, mwanangu. Sikiliza kwanza. Nitakueleza mapumziko."

Mapumziko yalikuwa mafupi na maelezo yalikuwa mengi, kwa hiyo haya hapa ndiyo niliyomwambia usiku ule, pamoja na mengine ambayo ningependa angeyajua kabla hatujatoka nyumbani. Nimechukua La traviata ya Giuseppe Verdi kama mfano kwa sababu ndiyo opera ninayoifahamu kuliko zote, lakini hatua ni zilezile hata ukienda kuona Carmen au Rigoletto.

Jua kwanza kinachobadilishwa na kisichobadilishwa

Opera inapohamishiwa zama za leo, muziki haubadilishwi. Maneno yanayoimbwa nayo kwa kawaida hubaki yaleyale; La traviata huimbwa kwa Kiitaliano kilekile cha karne ya 19. Kinachobadilika ni kile macho yanachokiona: mandhari, maleba, vifaa vya mkononi, kazi za wahusika. Huyo anayeamua hayo ni mwongozaji, na kila mwongozaji ana njia yake. Mwaka 1982 Jonathan Miller aliichukua Rigoletto, hadithi ya jumba la mtawala wa Mantua, akaiweka New York miongoni mwa wahalifu wa mafia wa miaka ya 1950, na ule wimbo maarufu wa mtawala ukaanza kwa sarafu kutumbukizwa kwenye mashine ya muziki ya baa. Mwaka 2013 Metropolitan Opera ya New York iliipeleka opera hiyohiyo Las Vegas ya mwaka 1960, kwa uongozaji wa Michael Mayer.

La traviata tuliyoiona ni ya Mwaustralia Simon Stone. Ilianza Paris, katika jumba la Palais Garnier, Septemba 2019, kisha ikaja Vienna Machi 2021, wakati wa korona, ikaonyeshwa bila watu ukumbini na kurushwa hewani. Katika maonyesho yote mawili ya mwanzo Violetta, mhusika mkuu, aliimbwa na Pretty Yende, binti wa mji wa Piet Retief nchini Afrika Kusini, ambaye alikutana na opera kwa mara ya kwanza akiwa msichana wa miaka 16 kupitia tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni. Violetta wa Stone ni nyota wa mitandao ya kijamii. Ana manukato ya jina lake. Skrini kubwa juu ya jukwaa zinaonyesha picha zake, ujumbe wa simu yake, watu wanaompenda bila kumjua. Badala ya kifua kikuu cha hadithi ya asili, ana saratani.

Kuna watu watakaokwambia huku ni kumvunjia Verdi heshima. Wajibu kwa historia. Verdi alipoiandika La traviata, hadithi yake ilikuwa mbichi kabisa. Mwanamke halisi aliyekuwa chanzo chake, Marie Duplessis wa Paris, alikuwa amefariki mwaka 1847 akiwa na miaka 23. Alexandre Dumas mdogo akaandika riwaya mwaka 1848 na mchezo wa jukwaani uliotoka mwaka 1852. Verdi alitaka waimbaji wavae nguo za siku zao, zilezile walizovaa watu waliokaa ukumbini. Wakubwa wa Venice wakakataa, wakaamuru hadithi irudishwe nyuma hadi mnamo mwaka 1700, enzi za mawigi. Ndivyo ilivyozinduliwa katika jumba la La Fenice tarehe 6 Machi 1853, na usiku ule haukwenda vizuri. Kwa hiyo mwongozaji anayemvalisha Violetta nguo za leo anarudisha kitu ambacho mtunzi mwenyewe alikidai akanyimwa. Mimi hili ndilo lililonifungua moyo, na ndiyo sababu siku hizi naingia ukumbini nikiwa upande wa mwongozaji hadi yeye mwenyewe aniondoe.

Soma hadithi ya asili kabla ya kwenda

Hatua hii usiiruke. Mara yangu ya kwanza niliingia bila kusoma chochote, nikatumia saa nzima ya mwanzo kusoma maandishi ya tafsiri na kukisia nani ni nani, na nilipoinua macho sehemu nzuri ilikuwa imepita. Katika onyesho la kisasa hasara ni kubwa zaidi, kwa sababu maneno yanasema farasi na magari ya kukokotwa huku jukwaani kuna simu. Usipoijua hadithi, utadhani umekosea.

Kwa ufupi ni hivi. Violetta Valéry anaishi kwa fedha za wanaume matajiri wa Paris. Ameugua, amepata nafuu, anafanya karamu. Kijana Alfredo Germont anamwambia kwamba amempenda kwa mwaka mzima. Violetta anacheka, kisha akibaki peke yake hawezi kucheka tena. Katika tendo la pili wanaishi pamoja shamba, mbali na mji, na Violetta anauza mali zake kimyakimya ili maisha yaende. Alfredo anapogundua anakimbilia mjini kutafuta fedha. Hapo ndipo baba yake, mzee Germont, anapobisha hodi.

Tulia hapa kidogo, maana huu ndio moyo wa opera nzima. Mzee hakuja na ugomvi. Amekuja na ombi: ana binti nyumbani, binti ameposwa, na upande wa mume umesema kwamba kaka yake akiendelea kuishi na mwanamke wa aina hiyo, ndoa hakuna. Je, Violetta atamwachia kijana wake ili binti aolewe? Watazamaji wengi wa Ulaya leo hawaelewi kwa nini mwanamke akubali jambo kama hilo, na waongozaji wa kisasa huhangaika kutafuta sababu itakayowaingia akilini. Wewe uliyekulia Tanga, Lamu au Ujiji huhitaji kuelezwa. Unajua posa ikivunjika binti anatazamwaje. Unajua wakwe wanavyoulizia ukoo mzima kabla ya kupokea mahari, na jinsi neno moja la mtaani linavyoweza kumfungia msichana mlango. Binti wa kaka yangu alipofika hapo aliacha kusoma maandishi. Aliniambia baadaye kwamba alimwona mzee fulani wa kwao akiwa amekaa kwenye kile kiti, anaongea kwa upole, na upole wenyewe ndio unaoua.

Violetta anakubali. Anamwandikia Alfredo barua ya kumwacha bila kueleza sababu. Kijana anamfuata kwenye karamu ya rafiki yao, anashinda fedha kwenye kamari, kisha anamtupia zile noti mbele ya watu wote: nimemlipa, mashahidi ni nyinyi. Tendo la tatu ni chumba cha mgonjwa. Ukweli umejulikana, Alfredo anarudi, wamechelewa.

Zoeza masikio, hata kwa nusu saa

Huna haja ya kusikiliza opera nzima, ambayo ni muziki wa takriban saa mbili na dakika chache. Tafuta vipande hivi kwenye YouTube au popote unaposikilizia muziki, uvirudie siku mbili tatu kabla.

Utangulizi wa okestra, kabla ya tendo la kwanza. Unaanza na vayolini chache, juu sana, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Muziki huohuo utaurudia kusikia mwanzoni mwa tendo la tatu, chumba cha mgonjwa. Verdi amekupigia kifo kwanza, ndipo akafungua karamu. Ukilijua hili, basi hata karamu ya mwanzo ikiwa na glasi za shampeni zilizopangwa kama piramidi na taa za klabu, utaisikia hofu iliyo chini yake.

Wimbo wa kunywa, "Libiamo". Pengine unaujua tayari bila kujua kwamba unaujua.

"Amami, Alfredo", katika tendo la pili. Ni sekunde chache tu. Violetta ameshaamua kuondoka, Alfredo hajui, naye anamwambia: nipende, Alfredo, nipende kama ninavyokupenda. Okestra yote inafura chini yake. Waimbaji hupimwa hapa.

Kusomwa kwa barua, tendo la tatu. Hapa Violetta haimbi, anasoma kwa sauti ya kawaida, na vayolini zinapiga kwa upole ule wimbo ambao Alfredo alimtongozea katika tendo la kwanza. Usiku wa onyesho angalia ameshika nini mkononi. Karatasi au simu? Hapo utajua mwongozaji amesikiliza muziki kiasi gani.

Na maneno mawili: "È strano", yaani ajabu. Violetta anayasema katika tendo la kwanza baada ya wageni kuondoka, anapojishangaa kwamba maneno ya kijana yule yamemkaa moyoni. Atayasema tena dakika ya mwisho kabisa, maumivu yanapokatika ghafla naye akadhani anapona.

Tiketi na mahali pa kukaa

Watu wengi wetu tunaoishi huku hatuendi opera kwa sababu tumeambiwa ni ya matajiri. Viti vya mbele ni ghali kweli. Lakini jumba la Staatsoper la Vienna lina viti zaidi ya 1,700 na nafasi za kusimama zaidi ya 400, na nafasi hizo za kusimama huuzwa siku yenyewe ya onyesho kwa bei ya chakula cha mchana cha kawaida. Zipo za chini, nyuma ya viti vya katikati, na za juu kwenye balkoni na ghorofa ya juu kabisa. Za chini zinatazama jukwaa moja kwa moja, na wenye viti ghali vya pembeni hawaoni vizuri kama wewe. Jitayarishe tu miguu: vaa viatu ulivyovizoea, kula kabla, egemea ule ukingo uliofunikwa kitambaa. Kuna desturi ya zamani ya kufunga skafu kwenye ukingo kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe. Ukikuta skafu, usiifungue.

London, kampuni ya English National Opera hutoa tiketi za bure kwa walio chini ya miaka 21, nayo huimba kwa Kiingereza. New York, Metropolitan Opera ina ukumbi wa watu karibu 3,800, na viti vya juu kabisa, Family Circle, ni vya bei nafuu na sauti hufika vizuri ajabu.

Kwa onyesho la kisasa lenye video na skrini ndefu, ongeza swali moja unaponunua: je, nitaona sehemu ya juu ya jukwaa? Ukiwa nyuma kabisa chini ya balkoni, kichwa cha skrini huweza kukatwa. Na loji za pembeni, yaani vile vyumba vidogo vya viti vichache, hasa safu ya nyuma, hukatiwa upande mzima wa jukwaa. Bora kusimama katikati kuliko kukaa pembeni.

Nguo, begi, saa

Opera kuvikwa nguo za leo hakumaanishi uje kama unakwenda gengeni. Bukta na kandambili ziache nyumbani. Gauni la kitenge lililoshonwa vizuri, kanzu na koti, suti, hijabu nadhifu, vyote vinapendeza, na hakuna atakayekuuliza. Koti kubwa na begi huachwa chumba cha makoti, kwa hiyo fika mapema, angalau nusu saa. Ukichelewa milango ikishafungwa utasubiri nje, pengine hadi mapumziko. Basi la usiku hakikisha unalijua kabla, maana pamoja na mapumziko onyesho huchukua muda wa karibu saa tatu.

Ukiwa ndani

Mbele yako, hata kwenye nafasi ya kusimama, kuna skrini ndogo ya maandishi. Unachagua lugha, na Kiingereza kimo. Ichague kabla taa hazijazimwa. Kisha ujifunze kuidokoa kwa jicho tu, kama dereva anavyotazama kioo, na kurudi jukwaani. Waimbaji wa opera hurudia maneno sana, kwa hiyo ukisoma mstari mara moja unatosha kwa dakika nzima. Hadithi umeshaisoma nyumbani. Katika onyesho lenye ujumbe wa simu kwenye skrini kubwa, macho yako yatavutwa pande tatu. Muziki ukipanda, acha maandishi yote, mtazame mwimbaji.

"Shangazi, mbona hawana maiki?" binti aliniuliza mapumziko. Hawana kwa sababu hawahitaji. Mwimbaji anasimama peke yake mbele ya okestra kamili na sauti yake inafika hadi mtu wa mwisho kule juu, kwa mafunzo ya miaka ya pumzi na kifua. Usisubiri sauti kubwa tu. Subiri ile ndogo. Violetta anapomkubalia mzee Germont, anaanza "Dite alla giovine", mwambie huyo binti, kwa sauti iliyopunguzwa hadi kuwa uzi, na usiku ule ukumbi mzima ulinyamaza kiasi kwamba nilisikia mtu aliye mbele yangu akimeza mate. Hakuna aliyekohoa. Wakati huo sikujali tena kama amevaa gauni la karne ya 19 au fulana.

Kuhusu makofi. Aliyezoea taarabu amezoea kuinuka katikati ya wimbo, kwenda kumtunza mwimbaji, kumshikisha noti hadharani kwa sababu ubeti umemgusa. Huku sivyo. Subiri wimbo uishe na sauti ya mwisho ya okestra itulie, ndipo upige makofi, na hapo piga kwa moyo. Ukitaka kupaza sauti: "bravo" kwa mwanamume, "brava" kwa mwanamke, "bravi" kwa wote. Usiku wa uzinduzi wa onyesho jipya mwongozaji naye hutoka kuinamia watazamaji, na usishtuke ukisikia watu wakizomea. Hapa Ulaya ni jambo la kawaida, na mara nyingi wanaozomea wamelalamika kabla hata ya kuona. Wewe mpe kila mmoja haki yake: mwimbaji aliyeimba vizuri hana hatia ya mandhari usiyoipenda.

Kama uko mbali na majumba haya

Ukiwa Dar, Mombasa au Goma, bado njia ipo. Tovuti ya OperaVision huonyesha opera nzima bure mtandaoni kwa vipindi maalumu, zikiwa na maandishi ya tafsiri. Zingatia bando: video ya saa tatu inakula, kwa hiyo tafuta Wi-Fi. Tumia spika za masikioni, maana spika ya simu huua besi zote na utabaki na kelele za soprano, ile sauti ya juu ya kike. Gawanya kwa matendo, tendo moja kila jioni, si dhambi. Na ukipita Vienna kati ya Aprili na Juni, au Septemba, nje ya Staatsoper huwekwa skrini kubwa inayorusha baadhi ya maonyesho moja kwa moja kutoka ndani, bure, viti uwanjani. Familia nzima inaweza kwenda, na mtoto akilia hakuna anayekuangalia vibaya.

Kuamua kama kuhamisha kumefaa

Usijiulize kama umependa mandhari. Jiulize kama kile unachokiona kinatoa sababu ya sauti unayoisikia. Violetta wa Stone anapoimba "Sempre libera", daima niwe huru, usiku wa manane nyuma ya klabu, karibu na yale mapipa, ule wimbo wenye manoti yanayokimbia kama kicheko kilichopitiliza unaingia mahali pake kabisa: ni mtu anayejidanganya, amechoka, na simu yake imejaa watu wasiomjua. Hapo mwongozaji amenipa kitu ambacho mandhari ya vinara vya dhahabu hayajawahi kunipa. Tendo la tatu nalo, mgonjwa na dripu yake, lilimtoa machozi binti wa kaka yangu, ambaye amemuuguza mama yake. Lakini alipotokea ng'ombe wa kukamuliwa, kuonyesha kwamba wamehamia shamba, mimi niliona amezidisha. Sebule ile ya shamba Verdi ameijenga kwa muziki wa kutosha.

Utakuwa na vipande vyako vilivyokugusa na vilivyokukera, na si lazima vilingane na vyangu. Linganisha na onyesho jingine ukipata nafasi. Willy Decker aliiongoza La traviata huko Salzburg mwaka 2005, Anna Netrebko akiimba Violetta na gauni jekundu, ukuta mweupe uliopinda, na saa moja kubwa sana jukwaani. Hakuna simu hata moja mle, wala sebule ya Paris, na saa ile inasema kila kitu kuhusu mwanamke ambaye siku zake zinahesabika.

Tulipotoka tulichukua makoti yetu, tukasimama kituo cha tramu kwenye baridi. Binti alitoa simu akauliza namna ya kuupata ule utangulizi wa mwanzo, zile vayolini. Tukagawana spika za masikioni, moja kwake, moja kwangu. Alisikiliza hadi mwisho, akanirudishia, akasema: "Kumbe alituambia tangu mwanzo."